Kukamua Wafalme Wawili

Toka Mudzi Pela mpaka Nyakasanza, hakuna mutu anayejua kuficha uso mbele ya karata kunishinda mie. Unaweza kunitazama mpaka macho ikuchoke, hutajua kama nimeshika as, karata yenye kupita zote, ao nimeshika takataka. Ni kweli pia kama uso yangu iko na mikunjo mingi siku hizi, hata mie mwenyewe asubuhi kwenye kioo sijue kama huyu mama anacheka ao anataka kupiga chafya. Basi, kipaji hapo hakuna. Ni uzee tu, na uzee nilipewa bure.

Siku ile ya posho, jumamosi, mvua ilikuwa bado inatafuta namna ya kuanza. Ukungu ilishuka toka upande ya milima, ikalala juu ya mabati ya Bunia sawa kuku juu ya mayai, na miti ya kalitusi ilionekana nusu, miguu tu, vichwa hakuna. Nilikaa kwenye mulango nachambua maharagi. Ndani ya kizizi, ndama alikuwa analia. Alilia toka asubuhi, juu mama yake, Sukari, hakuwa pale. Mutoto wangu Michel alitoka naye mapema sana, akasema anamupeleka kupigwa sindano ya chanjo.

Saa sita Michel akarudi. Peke yake. Kamba hakuna, ng'ombe hakuna.

— Mama, acha kwanza nikae.

— Kaa. Sukari iko wapi?

— Iko kwa Dady.

— Dady alikuwa munganga ya ng'ombe tangu lini?

Michel akatazama viatu vyake. Mutu mwenye mvi kichwani, baba ya mutoto mwenye kuolewa, na anatazama viatu sawa mutoto ya shule mwenye alivunja kibao.

Dady iko na nganda nyuma ya soko, nyumba ya kunywa, na siku zingine ya posho anafanya pale mashindano ya pokeri. Kila mutu analeta kitu yake ya maana, na kila mutu anapewa chungu moja ya vifuniko vya chupa, sawasawa kwa wote. Vifuniko vikikuishia, unasimama na unaenda kwako. Mwenye kubaki wa mwisho, anabeba vitu vyote. Kwa kitu yake ya maana, Michel alileta Sukari.

Sasa musikie Sukari ni nani. Ni ng'ombe ya mahari ya Divine, binti ya Michel, mujukuu wangu, mwenye aliolewa na Rémy, mutoto ya muzee Josaphat. Na kwa siye, ng'ombe ya mahari ikizaa mara ya kwanza, wakwe wanakuja kunywa maziwa yake nyumbani kwa wazazi ya binti. Wasipokunywa, arusi haijamalizika. Wasipokuta ng'ombe, wanasema mulikula ng'ombe na mutoto bado munamuhesabia wenu, na wanamurudisha: yeye, na kitanda yake, na sufuria zake, mpaka ng'ombe ipatikane. Niliona mumoja alirudishwa hivyo. Alingoja kwenye mulango ya baba yake mpaka nywele ikageuka rangi, na bwana kule akazoea kulala bila yeye.

Josaphat na mama Félicité walisema watakuja kesho, siku ya yenga, jumapili, ibada ikiisha.

— Vifuniko vyako vimeisha? nikamuuliza.

— Bado. Vinabaki kidogo. Dady alisimamisha mchezo, watu wapate kula kwanza. Mama, nilipata as mbili! As mbili mukononi! Nikasukuma vifuniko vyote pale pale.

— Na wao?

— Wakatupa karata. Wote. Nikabaki na as zangu na aibu. Kisha nikapata karata mubaya, na hasira ilikuwa ndani, nikafuata mumoja, Prudent, mpaka mwisho.

Nikasimama. Maharagi ikamwangika.

— Michel, weye unajua kukamua. Unaingiaka ndani ya kizizi na fimbo, unapiga makelele, unasema maziwa, toka?

 Ndama alijibu kwa nafasi ya Michel.

Mie pokeri nilifundishwa na marehemu Ézéchiel, bwana yangu, mwenye aliiokota kwa wachuuzi ya Ariwara wakati alikuwa anaandika mizigo ya makamyo. Miaka na miaka, mvua ikinyesha, tulikuwa tunacheza juu ya mukeka na maharagi. Alinila kila mara. Nilipika maharagi yale yale jioni, na bado alisema ni yake. Lakini alinifundisha kitu moja. Alisema: karata nguvu ni ng'ombe mwenye maziwa. Mbele ya kukamua, unaachilia ndama anyonye kidogo. Mama anasikia mdomo ya mutoto wake, roho inalegea, maziwa inashuka. Hapo sasa unamutoa ndama polepole, unamufunga karibu, ng'ombe amuone, na weye unakamua. Ukija na haraka, ng'ombe anaficha maziwa juu, na unaweza kuvuta mpaka kesho. Kwa hiyo, ukiwa na karata nguvu, usimufukuze mutu. Mupe kwanza anyonye.

Nikachukua mwavuli yangu. Michel akasema atabaki na ndama. Nikamwambia ndiyo, mubaki wote wawili mulie.

Mvua ilinikamata mbele ya soko, na wakati nilifika kwa Dady, nilikuwa sijue kama natembea ao naelea. Kila kitu ilikuwa nyeupe na yenye kulala. Sukari alifungwa chini ya paa, mvua inamwangika mbele ya pua yake sawa pazia. Aliniona. Hakulia. Alinitazama tu na macho ile kubwa, na kiwele ilikuwa imejaa mpaka inang'aa. Maziwa ya kesho ilikuwa pale, inangoja, na haikujua ni ya nani.

Ndani, watu mingi waliingia kukimbia mvua, walisimama kwenye ukuta na makoti yenye maji, sura hazionekane kwa moshi ya makaa. Kwenye meza walibaki wawili na Dady mwenye kugawa. Mumoja alikuwa Camille, dereva ya kamyo ya Aru, mutu ya kucheka sana. Wa pili Prudent, muchuuzi ya samaki, mwenye alizaliwa pembeni ya ziwa na alivuta nyavu mbele ya kuvaa suruali.

— Koko, mama muzee, unatafuta nani? Dady akauliza.

— Natafuta kiti ya Michel.

Camille akacheka mpaka meza ikatikisika.

— Koko, huku hapana kikundi ya sala!

— Ninaona. Mungekuwa munasali, ungekuwa na adabu.

Dady akakuna kichwa. Akasema haijatokea. Akasema kanuni hakuna. Nikamwambia: Michel alileta nini? Ng'ombe. Ng'ombe iko ya nani? Ya familia. Basi kiti ni ya ng'ombe, hapana ya Michel, na mie ni familia ya ng'ombe. Prudent akavuta kiti na mguu, akasema: “Kaa, mama.” Nikakaa.

Pokeri ile ni nyepesi kuelewa. Unapewa karata mbili, unaziona weye peke. Kisha Dady anafungua zingine katikati, za wote: kwanza tatu pamoja, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Kila mara unaweza kusukuma vifuniko, ao kufuata mwenye kusukuma, ao kutupa karata na kupumzika. Mwisho, mwenye karata zenye kufanana mingi kupita, ao kubwa kupita, anakula.

Mie kwanza nilipumzika. Nilitupa, nilitupa, nilitupa. Joto ya makaa, mvua juu ya bati, harufu ya makoti yenye kukauka: macho ikaanza kushuka. Mvua ilipiga bati sawa maziwa ya kwanza kwenye ndoo bado mutupu, tsii, tsii, kisha ndoo ikajaa na sauti ikawa nene. Ézéchiel alikaa pembeni yangu, na kofia yake ya zamani, miguu peku. Hakuwa amekufa sana siku ile. Alikuwa anachagua mawe ndani ya maharagi.

— Koko iko na lala, Camille akasema.

— Silale. Nafunga macho juu usinione.

Nikafungua karata. As na kumi. Dady akaweka tatu katikati, na ndani yake as ilikuwa inanitazama. Mukono yangu ulitaka kusukuma vyote. Damu ya Michel haikutoka mbali, jamani. Lakini nikasukuma vifuniko viwili vitatu hivi, na kidole moja, sawa mutu anayetoa kijiwe ndani ya muchele.

— Koko anaogopa, Camille akasema, akafuata.

Karata ya ine, ile ya kisha tatu. Nikasukuma kidogo kupita. Akafuata, anacheka. Ya mwisho. Nikasukuma vyangu vyote. Camille akaacha kucheka, akatazama chungu yake, akatazama mikunjo yangu, akatafuta njia ndani yake na akapotea. Tayari alikuwa ameweka vingi, kuondoka ilimuuma. Akaweka. Alikuwa na vale mbili, karata ya chini ya malkia, na as zangu zikamula. Kisha muda kidogo ile yake yenye kubaki ikaisha kwa Prudent, akasimama, akavaa kofia.

— Koko, nitakuita kwenye kamyo yangu, utakuwa unaongea na polisi ya barabara.

— Polisi ni watoto. Nitawapa kwanza wanyonye.

Tukabaki wawili. Karata baada ya karata, chungu zetu zikafika karibu sawa, yangu ikapita yake kidogo. Nje, Sukari alilia mara moja, sauti ya ndani, ndefu, na watu kwenye ukuta waligeuza vichwa. Kiwele ilikuwa inamuuma. Nikasikia na mie kifua inanivuta, hapa, mahali ambapo miaka mingi hakuna mutoto alinyonya. Nikawaza Divine anashuka kwenye pikipiki mbele ya mulango yetu, kitanda imefungwa nyuma, anasema hapana kitu, koko, nimekuja kusalimia tu.

 Nilimutazama Prudent namna alicheza. Akikuwa na karata ya kudanganya, aliuliza habari ya mvua, alivuta kiti, aliita chai. Akikuwa na karata nguvu, alikuwa bubu. Ni namna ya watu ya nyavu: samaki ikijaa, hakuna kuongea, unavuta kamba polepole, polepole, mpaka mutumbwi, juu samaki wasijue wameisha kukamatwa. Kila mutu anaweka karata yake vile alifundishwa kula.

Dady akagawa. Nikainua pembe za karata. Mufalme. Mufalme mwengine.

Mufalme wa kwanza alikuwa na uso ya Ézéchiel, ndevu tu zilizidi. Wa pili alikuwa anatazama upande, sawa Ézéchiel siku alikula nyama yote ndani ya sufuria. Nikasukuma kidogo. Prudent akafuata. Dady akafungua tatu: mufalme, tisa, ine.

Wafalme watatu. Chumba ikawa mbali. Nilikuwa ndani ya ukungu ya kizizi, asubuhi ya zamani, majani yenye maji inanipiga miguu, na ndama anasukuma na kichwa. Achilia, Ézéchiel akasema. Nikaachilia: vifuniko vidogo, na kidole moja.

Prudent akafuata. Hakuuliza habari ya mvua.

Karata iliyofuata: tisa. Sasa nilikuwa na wafalme watatu na tisa mbili, na vile ilikuwa, kitu moja tu ingenila: mutu mwenye ameshika tisa zingine mbili. Prudent alikuwa bubu, bubu kabisa, hata pumzi haikusikika. Nyavu yake ilikuwa imejaa. Lakini imejaa samaki gani? Tisa ao kitu ingine?  Nikawaza: nikisukuma vyote sasa, labda atashituka, kamba itakatika, atatupa, na nitabaki sawa Michel na as zake. Nisiposukuma kitu, nitamupa njia bure. Nikamutoa ndama polepole. Nikasukuma nusu hivi ya chungu yenye ilikuwa katikati ya meza.

Akafuata. Mvua ilizidi. Maji ilikuwa inapita nje, nyekundu, na ilionekana nyumba yote inashuka nayo polepole kuelekea muto Shari, na meza, na Sukari, na siye.

Karata ya mwisho: malkia. Haikuwa na kazi na mutu.

Prudent akaweka mikono juu ya meza, mikono yenye alama ya kamba. Anangoja mie. Hapo nikajua. Mutu wa nyavu, samaki ikiisha kufika kwenye mutumbwi, haachilie tena, hata kamba imukate vidole. Ameweka vingi, amevuta mbali. Hata nikipiga makelele sasa, hatakimbia. Michel alisukuma vyote mwanzo. Mie nikasukuma vyote mwisho, na mikono miwili, vifuniko vikaanguka na kulia juu ya meza.

— Mama, Prudent akasema. Ni neno yake ya kwanza kwa muda murefu. Pole, mama.

Akasukuma vyote. Akageuza: ine mbili. Ine tatu na tisa mbili. Watu kwenye ukuta wakasema eeeh. Nikageuza wafalme wangu, mumoja, kisha mwengine mwenye alitazama upande.

 Kisha Prudent akacheka, kicheko ya mutu mwenye nyavu imepasuka na anaona namna ilivyopasuka ni muzuri.

— Mama, nani alikufundisha?

— Ng'ombe.

Nilichukua kamba ya Sukari. Nyavu yenye Prudent aliweka nilimuachia, ningevua nini mie katika kijito ya Nyamukau; akasema atanitumia makayabo, samaki ya chumvi. Mabati yenye Camille aliweka, na vitu vya wengine, nilimwambia Dady avitunze. Mvua ilikuwa nyembamba sasa, na jioni bado haijafika. Tulitembea siye wawili, mie na yeye, maziwa inamutoka yenyewe, tone kwa tone ndani ya matope, na sikujue nani alikuwa anaongoza mwengine. Ndama alitusikia mbele ya Michel. Nilimuachilia anyonye mpaka povu ikamufunika mudomo. Siku ile sikukamua kitu.

Kesho yake wakwe wakafika, na jua. Josaphat ni muzee ya kanisa, tai shingoni hata kwenye shamba. Félicité bibi yake ni mama ya sauti ya chini, lakini kile anasikia hakitoke. Rémy alikuja na Divine, na Divine alikuwa mwenye kunenepa, mwenye kicheko, hajue kitu. Nilikamua mbele yao. Maziwa ikashuka, moto, mingi. Josaphat akapewa wa kwanza, akakunywa, akafuta ndevu, akasema ng'ombe hii imetunzwa.

— Haijatoka hapa, nikasema. Kula na kulala tu.

— Inaonekana, akasema. Akatazama pembeni kidogo.

Tukakaa. Maziwa ikazunguka. Michel alikaa karibu na mulango, tayari kukimbia. Félicité akauliza kama mvua ya jana haikutuharibia kitu. Josaphat akajibu mbele nifungue mudomo: ile mvua ilimukuta kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya, wakaimba mpaka jioni, wimbo baada ya wimbo. Kisha akaanza kusema juu ya Bunia inaharibika, watu wanacheza karata muchana, wanaweka hata vitu vya familia. Akasema yeye, tangu azaliwe, hajue hata as iko na sura gani.

Michel akasogelea mulango. Na mie, sijue ni shetani gani alinisukuma. Nikasema:

— Ni kweli, mukwe. Hata kule Ariwara, mwaka uliopita, nilisikia habari ya mama mumoja muzee. Alikaa na mutu ya samaki. Mutu ya samaki iko na ine mbili. Na huyu mama, wanasema alishika malkia wawili, na...

— Wafalme, Josaphat akasema. Alikuwa na wafalme. Malkia ilianguka ya mwisho, haikuwa na kazi na...

Akasimamisha kopo mbele ya mudomo. Maziwa ndani ilitikisika. Nje, ndama alikuwa ananyonya, na kila mutu alisikia.

— Nilisikia tu, akasema. Watu wanaongeaka. Pale nje ya kanisa, kwaya ikiisha...

Félicité akaweka kopo yake chini, bila sauti.

— Baba Rémy, akasema, mwalimu ya kwaya alifika kwetu jana, na mvua yote ile, kuuliza kama uko mugonjwa.